Mwalimu wa Kuinua Watu

Mtaa mzima wa Kondele ulimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari huko Muhoroni mpaka kazi ikaisha, ndipo akahamia Kisumu na mke wake, akaomba ukumbi wa kanisa moja dogo kwa jioni mbili za wiki, akaanza kufundisha aikido. Ukimuuliza yeye alifundishwa na nani, alijibu "Kitabu," kisha akakuuliza habari za nyumbani.

Watu wakisikia nilikuwa mwanafunzi wake huniuliza kama alikuwa na wazimu. Nawajibu kwamba ndiyo, kidogo, lakini wazimu wenye ratiba: Jumanne na Ijumaa, na ole wako uchelewe. Wacha wacheke. Mimi nilimjua. Mtu huyo alitaka jambo moja tu duniani, na alilitaka mpaka likamla: ajue kama alichokuwa anatufundisha ni aikido ya kweli ama ni kitu alichojizulia mwenyewe.

Mimi nauza makoti ya mitumba pale soko la Kibuye. Ukifungua belo, mara moja moja unakuta koti jeupe, zito, lisilo na vifungo wala zipu, limeshonwa mara mbili mbili mabegani. Kwa miaka niliwauzia wenye bucha na wakaanga chipsi, kwa sababu linavumilia mafuta na kufuliwa. Siku moja mwanamume mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akasimama mbele ya meza yangu akalishika koti la namna hiyo kwa vidole viwili.

"Mama, hii unauzia nani?"

"Mwenye pesa."

"Umeshauzia mtu wa bucha?"

"Wengi sana."

Akafumba macho, mtu mzima, nikadhani ameshikwa na tumbo. Kisha akaniambia nilivute koti kwa nguvu zangu zote, yeye ameshika upande wa pili. Nikavuta. Halikutoa hata uzi. "Hii nguo ilishonwa ya kushikwa," akasema. "Si ya kupanguza damu ya ng'ombe." Tangu hapo nikawa namwekea kila lililotokea, awavike wanafunzi wake, naye akawa anakuja belo likifunguliwa tu, anapekua mpaka chini, anaondoka ameniachia vitu vyote shaghalabaghala.

Kitabu chenyewe pia kilitoka Kibuye, kwenye turubai la mzee anayeuza vitabu vikuukuu na magazeti ya kufungia njugu. Majalada yote mawili yalikuwa yameng'oka. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, hakuna aliyeweza kusoma hata neno, lakini kila ukurasa ulikuwa na safu za picha nne nne, hazina namba, za wanaume wawili, mmoja amevaa suruali nyeusi pana unayoweza kudhani ni sketi. Suruali hiyo ndiyo iliyomshtua Mwalimu. Kule kiwandani mhandisi mmoja mgeni alikuwa amemsimulia juu ya aikido, kwamba ni ufundi wa Wajapani wa kumshinda mtu bila kumchukia, na kwamba walimu wake huvaa suruali ya aina hiyo. Hayo tu ndiyo aliyokuwa anayajua. Akanunua kitabu akarudi nacho nyumbani amekikumbatia.

Alizisoma picha vile sisi sote tunasoma, kutoka kushoto kwenda kulia. Picha ya kwanza, mtu amelala chini na mwenye suruali pana amemshika mkono. Ya pili, yule wa chini ameinuka nusu. Ya tatu, yuko kwa miguu yake lakini ameyumba. Ya nne, wote wawili wamesimama uso kwa uso, na yule aliyeinuliwa amemshika mwenzake kifundo cha mkono. Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo hivyo. Mwalimu akaelewa kwamba aikido ni ufundi wa kumwinua mtu aliyeanguka, na hicho ndicho alichotufundisha.

Nyinyi mnaojua mambo mmeshaelewa kosa liko wapi. Sisi hatukuelewa. Tulikuwa kina nani? Mimi wa mitumba, fundi mmoja wa simu mwenye kibanda karibu na steji ya matatu, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa na mwili wa kuziba mlango, na wengine waliokuja wakaenda. Fundi wa simu ndiye aliyewahi kuuliza.

"Mwalimu, kwani adui anaanza akiwa chini?"

"Adui wako, kabla afike kwako, kuna kitu kilishamwangusha," Mwalimu akasema. "Wewe unamkuta tu hapo."

Mimi nilienda nyumbani nikiwaza watu wote niliogombana nao Kibuye, na nikaona kweli.

Mwenyewe sikuingia kwa sababu ya adui. Niliingia kwa sababu ya mama yangu, aliyekuwa mnene na magoti yameisha. Akianguka bafuni nilikuwa namvuta kwa mikono mpaka tunalia wote wawili. Nilimsimulia Mwalimu mezani pangu kama malalamiko tu ya mtu aliyechoka.

"Unavuta wapi?" akauliza.

"Mkono. Nitavuta wapi tena?"

"Mkono si kamba, Mama. Njoo Jumanne."

Jumanne akamlaza yule mwimbaji wa kwaya chini, akanionyesha. Unapiga goti karibu kabisa na mtu. Mkono wako mmoja unaingia chini ya kiwiko chake, wa pili nyuma ya bega. Huvuti. Unangoja avute pumzi, na akivuta, unageuza kiuno chako, na kiuno kinakwenda naye. "Mos," alikuwa akisema, neno letu la Kijaluo la kumwambia mtu polepole. "Mos mos. Usimharakishe. Mtu aliyeanguka ana aibu, na aibu ni nzito kuliko yeye." Yule jitu akainuka mikononi mwangu, mimi ambaye hata belo nawalipa watu wanibebee. Mwisho wa kila zoezi aliyeinuliwa alimshika mwenzake kifundo cha mkono, kama picha ya nne, na akasema asante. Mwalimu alikuwa ameamua kwamba huko kushika ndiko kushukuru kwa Wajapani.

Nilimwinua mama yangu namna hiyo mpaka alipofariki, na hakuwahi kulia tena.

Nikikumbuka ukumbi ule nacheka kabla sijasikitika. Mikeka yetu ilikuwa magunia yaliyoshindiliwa makapi ya miwa, aliyoyaleta Mwalimu kutoka Muhoroni kwa lori la rafiki yake. Yalikuwa na harufu tamu, na mvua ikipiga kwa dirisha yakavimba na kunuka pombe, halafu sisimizi wakahamia. Halafu kulikuwa na mambo ya kuinama. Kitabu kilionyesha watu wakiinama kabla ya kuanza, na pasta akasema katika nyumba ya Mungu hakuna kuinamia mwingine. Mwalimu akazunguka ukumbi mzima akitafuta ukuta usio na lawama, mwishowe akatugeuza kuelekea sanduku la mita ya stima. Tukaliinamia sanduku hilo kwa heshima zote kwa miaka.

Mtu wa amani, sivyo? Alikuwa na ugomvi na jirani yake juu ya mfereji wa maji ya mvua, na hawakusalimiana tangu nilipomjua. Alitufundisha kumwinua kila mtu, lakini yeye hakukubali hata mtu ambebee mfuko wa sukari. Mazoezini hakulala chini hata siku moja. Fundi wa simu akimwambia, "Mwalimu, leo zamu yako," alijibu, "Mimi nimesimama. Utainua nini?" Mke wake, mwanamke mdogo mwenye maneno machache, aliniambia zamani walifanya mazoezi nyumbani sebuleni usiku na mchana, yeye mke analala chini, mume anainua. Hawakubadilishana.

Na kile kilichokuwa kinamkosesha usingizi alikisema kila wiki. Aliweka kidole katikati ya picha ya pili na ya tatu, penye ukanda mweupe wa karatasi. "Hapa," alisema. "Aikido yote iko hapa, na hapa hawakupiga picha." Alikuwa anajaza nafasi hiyo kwa kichwa chake, kwa kiuno chake na kwa mgongo wa mke wake. Akifaulu, hakufurahi sana. Aliuliza tu, "Lakini wao wanafanya hivi kweli?"

Fundi wa simu ndiye aliyeleta jibu, naye alilileta kama zawadi, maskini. Alishusha video za mafunzo ya aikido kwenye laptopu yake, akaja nayo Ijumaa amejaa tabasamu. Mwalimu akaketi kwenye kiti cha pasta, mbele kabisa, mikono juu ya magoti. Sisi tukakaa juu ya magunia. Kwenye video wazee wawili wa Kijapani wakainama, wakasimama uso kwa uso, mmoja akamshika mwenzake kifundo cha mkono. Tukatazamana kwa furaha, tumeijua picha yetu. Halafu yule wa suruali pana akageuka, na aliyemshika akaruka, akaanguka chini puu.

Tukangoja ainuliwe. Hakuinuliwa na mtu. Aliamka mwenyewe, akashika tena mkono, akaangushwa tena.

"Hii inaenda rivasi," mwimbaji wa kwaya akasema, na sote tukakubaliana naye.

"Irudishe iende vizuri basi," Mwalimu akasema.

Fundi akabonyeza, video ikaenda kinyumenyume. Na hapo ikatokea aikido yetu. Mtu yuko chini, anainuka nusu, anasimama akiyumba, anashika kifundo cha mkono. Ilikuwa yetu yote, kiuno kwa kiuno. Ila sasa wale wazee walikuwa wanainama kinyume, na vumbi lilikuwa linarudi chini ya miguu yao.

Mwalimu akasimama, akachukua kitabu juu ya dirisha, akakigeuza. Akakifungua kutoka upande ambao sisi tuliuita mwisho, akaweka kidole kulia kabisa, akakisogeza kwenda kushoto, kumbe ndivyo Wajapani wanavyosoma. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akafungua ukurasa mwingine, akafanya hivyo tena. Nilitaka kumshika, lakini huyu si mtu wa kushikwa.

"Nendeni nyumbani," akasema.

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba tunaanza upya, na kwamba ni marufuku mtu yeyote kuinua mwenzake tena. Tukajaribu kuangushana. Hatukujua kuanguka, na makapi ya miwa yalikuwa yamelala kwa uzee. Mwimbaji wa kwaya akateguka bega. Waumini wakalalamika, pasta akaomba arudishiwe ukumbi wake, na wanafunzi wakaisha mmoja mmoja bila kuaga. Yote hayo hayakuchukua muda.

Nilikuwa nikipita kwake Jumapili baada ya kanisa. Namkuta kwenye benchi nje ya nyumba, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai, anatazama mtu akiangusha mtu. Anasimamisha, anarudisha nyuma, anatazama tena. Wakati ule wenyewe wa siri mwalimu wa kwenye video alikuwa amegeuza mgongo, na mkono umefichika. "Geuka basi, baba, tuone huo mkono," Mwalimu alimwambia. Yule hakugeuka. Video nyingine ilionyesha mkono lakini ikakata mguu. Nyingine bando liliisha mtu akiwa hewani, na Mwalimu akakaa anamtazama pale alipoganda mpaka simu ikazima.

Aliuliza maswali chini ya video hizo kwa Kiingereza chake cha kiwandani. Mmoja tu ndiye aliyejibu. "Nimemuuliza mguu uende wapi," Mwalimu akaniambia, "amenitumia picha ya kidole gumba." Alitafuta vitabu vingine, vya Kiingereza sasa, vyenye majalada na namba kwenye picha. Kila kimoja, ukurasa wa mbele kabisa, kilisema kwamba ufundi huu haujifunzwi kwa kitabu peke yake, tafuta mwalimu. Alinisomea sentensi hiyo kutoka vitabu vitatu, sauti ikizidi kupanda.

"Ananiuzia kitabu halafu ananiambia kitabu hakitoshi. Sasa mimi niende wapi, Mama? Nimtoe wapi huyo mwalimu, ziwani?"

Alikonda. Presha ikapanda, na dawa alizisahau kwenye kabati. Mke wake alianza kunitazama kwa macho ya kuomba, kama kwamba mimi nina la kufanya. Siku moja nikajaribu. Nikamwambia, "Mwalimu, pumzika. Ulitufundisha vizuri."

"Nilifundisha kitu hakipo. Mimi ni mwongo."

"Na mama yangu? Hakuinuka?"

"Aliinuka. Lakini hiyo si aikido."

Hapo nikawaka. Nilimwambia kama kile kilichomwinua mama yangu bafuni si aikido, basi hiyo aikido yake ni takataka na abaki nayo. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekasirika sana, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Usiniite Mwalimu tena. Mimi sina mwanafunzi." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na koti jeupe la kwanza lililotoka kwenye belo nikaliuzia bucha.

Tulinuniana mpaka siku alipokuja mwenyewe Kibuye, amenyoa, shati limepigwa pasi. Alikuwa amempata mtu Nairobi, mwalimu wa kweli, mwenye mkanda mweusi kiunoni, aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Walikuwa wameongea kwa simu na amekubali kumwona.

"Sitaki mkanda," akaniambia akiwa ameegemea meza yangu. "Sitaki cheti. Nataka nimshike mkono, aniangushe mara moja tu. Mwili wangu utajua. Nikiamka hapo chini nitakuwa najua kama miaka yangu imeenda bure."

Nilimpa koti jeupe jipya, lililo bora kuliko yote, bila kulipa, naye kwa mara ya kwanza hakukataa. Siku ya kuamkia safari alikuwa anapiga mswaki uani akaona kikombe cha maji kimedondoka, akashangaa mbona mkono wa kushoto haukukishika. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala, na maneno yakawa yanatoka mdomoni yamekunjika. Koti lilibaki limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, tayari kwa safari.

Nilimtembelea hospitali, na akawa ananigeuzia uso ukutani. Alipotolewa nikakaa muda bila kwenda. Nilikwenda mchana mmoja nikiwa na ndizi na maziwa. Njiani nikakutana na mke wake anakimbia kuelekea steji, leso imeteleza kichwani. "Ameanguka," akasema bila kusimama. "Natafuta wanaume."

Nilimkuta chini, katikati ya kitanda na kiti, ameangukia upande uliokufa. Simu ilikuwa juu ya stuli inaendelea na video, mtu anaangushwa, anaamka, anaangushwa. Nadhani alikuwa amejaribu kuamka kama yule wa kwenye video. Suruali yake ilikuwa imelowa. Aliponiona akafunga macho.

"Toka," akasema. "Ngoja wanaume."

"Wanaume watakuvuta mikono."

"Wavute."

"Hawatakuvuta nikiwa hapa."

Nikazima simu. Nikavua viatu kama nilivyozoea ukumbini, nikapiga goti karibu kabisa naye. Akaelewa ninachotaka kufanya, na mkono wake mzima ukanisukuma begani, bila nguvu. "Hiyo si… hiyo si…" akawa anasema. Mkono mmoja ukaingia chini ya kiwiko, wa pili nyuma ya bega. Alikuwa mwepesi, Mungu wangu, mwepesi kuliko mama yangu mara mbili, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mkono wangu.

"Mos," nikamwambia. "Mos mos, Mwalimu."

Alikaza mwili wote uliobaki. Nikangoja. Akazuia pumzi makusudi, huyo mkaidi, nami nikangoja tu, maana yeye ndiye aliyenifundisha kungoja. Mwishowe mtu lazima apumue. Akavuta, nikageuza kiuno, akaja. Nusu. Kisha akasimama akiyumba, mguu mbovu umeegemea wangu. Kisha wima, uso kwa uso.

Mkono wake wa kulia ukashika kifundo cha mkono wangu.

Nikatazama huo mkono, nikamtazama yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, lile la upande mzima.

"Niangushe," akasema. "Vizuri. Nijue."

"Sijui kuangusha, Mwalimu. Hukunifundisha."

Akatikisa kichwa, akakaza vidole. "Niangushe."

"Kwetu ukishika hapo ni asante," nikamwambia. "Mimi najua hiyo tu."

Hakuniachia. Tulikuwa bado tumesimama hivyo mke wake alipoingia akihema, na waendesha bodaboda wawili nyuma yake wenye helmeti mikononi. Wakasimama mlangoni, wakatazama sakafu, wakatazama kitanda.

"Si tuliambiwa ameanguka?" mmoja akauliza. "Nani amemwinua huyu mzee?"

Nikafungua mdomo nijibu, lakini alinitangulia. Maneno yalimtoka yamekunjika, akayarudia mpaka wakaelewa.

"Mwanafunzi wangu," alisema.